Sheria ya Mgongo

Gari la mahakama lilikuwa limeshaanza kuondoka Mafinga, polepole, kama yanavyoondoka magari yasiyo na dereva, ndipo Adolfu Kihwele alipojitokeza katikati ya barabara. Alikuwa amevaa mgongo wa chuma, ule wanaovaa wabeba magogo wa misitu ya misindano: mbavu mbili za bati gumu, magoti yenye mota, na mkanda wa kiunoni unaolia zii kila anayeuvaa anapopiga hatua. Mabegani amelaza gogo zima, bichi, linadondosha utomvu. Akalizunguka gari na gogo lake huku anatabasamu kama bwana harusi.

"Shemeji Resita!" akaita. "Gogo hili linakushinda uzito wewe na masufuria yako yote! Nimelibeba tangu asubuhi, hata jasho sina!"

Resita, mjane wa kaka yake, alikuwa kiti cha nyuma na kikapu mapajani. Akashusha kioo.

"Hongera, shemeji. Lioe basi."

Gari likamkwepa Adolfu, likaomba radhi kwa sauti ya kike kama lilivyofundishwa, likashika njia ya Makambako. Asteria Mkude, aliyekaa mbele, alicheka kabla hajajizuia. Halafu akakohoa. Yeye alikuwa mchimbuzi wa Mahakama ya Chimbuko, na mchimbuzi hatakiwi kuchekea upande wowote.

"Cheka tu, mdogo wangu," Resita akasema. "Mimi mwenyewe ningecheka kama nyumba isingekuwa yangu."

Nyumba yenyewe ilikuwa pale juu ya barabara, mabati ya kijani, na nyuma yake shamba la misindano ambalo Resita na marehemu mumewe walilipanda mche kwa mche, mwaka ambao mtoto wao wa kwanza alizaliwa. Sasa miti ilikuwa imefika umri wa kuvunwa. Adolfu hakuwahi kuitembelea nyumba hiyo mpaka miti ilipofika umri huo.

Walipopita Nyololo, Resita akauliza. "Hebu niambie. Hiyo sheria inayonilinda kila mtu anaijua, hata mtoto wa chekechea anaiimba. Sasa mnakwenda kutafuta nini tena?"

"Tunakwenda kumtafuta aliyeisema wa kwanza."

"Ili iweje?"

Asteria akageuka kwenye kiti. Alipenda kuulizwa swali hilo. Amezunguka nchi hii kuliko mabasi, na kila anapofika watu humuuliza anauza nini.

Basi akamweleza, na maelezo yenyewe ni haya. Kabla ya Mfuto, sheria zote zilikuwa ndani ya mashine. Makaratasi yalikuwa yamekwishageuzwa trei za mayai, na serikali ilijisifu sana kwa hilo. Halafu jua likakohoa mara moja, alasiri moja tu, na kumbukumbu za mashine zote zikaungua; huo ndio Mfuto. Majaji wakaamka hawana sheria. Walikumbuka vipandevipande. Huyu alikumbuka ile ya wizi, ambayo watawala wa kale waliileta kwa njia ya India, ikavaa shati la hapa ikakaa. Makadhi walikumbuka mirathi yao, maana wao waliihifadhi vifuani tangu mwanzo. Wazee wa koo walikumbuka mipaka na mahari. Zilizopotea kabisa ni zile za Bunge, kwa sababu hata zilipokuwepo hazikuwa na wasomaji.

Ndipo wahandisi wakamjenga Kumbu. Kumbu ni mashine iliyoko makao makuu, lakini masikio yake yalisambazwa nchi nzima. Wakusanyaji walikwenda kila kata, wakawaambia watu: semeni sheria mnazozijua. Neno likisikika sehemu moja, Kumbu aliliita desturi. Likisikika wilaya nzima na watu wakiliitikia, likapanda kuwa kanuni. Likisikika majimbo kadhaa, likawa sheria ya nchi, na jaji akalazimika kulifuata. Kumbu hakupima maneno tu, alipima na mahali. Neno la sokoni lilikuwa jepesi. La barazani lilikuwa na uzito wa kutosha. Zito kuliko yote lilikuwa neno la msibani, kwa kuwa wahandisi, vijana waliokulia maghorofani, waliamini binadamu hawezi kudanganya mbele ya maiti.

"Na majaji wakibishana juu ya maana ya sheria," Asteria akamalizia, "wanatutuma sisi. Tunaifuata mdomo kwa mdomo mpaka tumpate aliyeianzisha. Alichokusudia yeye ndiyo maana yake. Kumbu anamhoji mwenyewe, kwa hili sikio."

Akatoa mkobani duara la shaba, kubwa kama kifuniko cha birika. Lilikuwa limefungwa kwa kibanio.

Sheria yenyewe ilikuwa fupi. *Atakayemtoa mjane katika nyumba ya marehemu, ambebe mgongoni mwake mwenyewe, yeye na masufuria yake, hadi linapozama jua, asimweke chini.* Ilikuwa imekaa nchini tangu Asteria hajaota meno. Walioijaribu walikuwepo. Kule Ludewa mtu mmoja alifanya mazoezi na magunia ya mahindi msimu mzima, siku ya siku mjane akamwomba amshushe achimbe dawa, akakataa, mambo yakamharibikia mgongoni akamtupa mwenyewe. Tangu hapo hakuna jaji aliyesikia mjane ametolewa. Mpaka Adolfu alipofikiria mgongo wa chuma.

Jaji wa Iringa alikuna kichwa. Je, mgongo wa kununua ni mgongo wa mtu mwenyewe? Alisema wazi: asipojua sheria ilikusudia nini, atayasoma maneno yalivyo, na chuma kiko mgongoni mwa Adolfu, si mwa mwingine.

"Kwa hiyo nyumba yangu yote iko mdomoni mwa mtu nisiyemjua," Resita akasema.

"Anaitwa Fidelis Gama. Yuko Madaba. Midomo yote niliyoifuata imenielekeza kwake."

"Gama?" Resita akakunja uso, halafu akatazama nje dirishani. "Hilo jina la Kingoni."

*

Walimkuta mzee Gama uani kwake anapiga randa mlango. Alikuwa seremala mfupi, mwembamba, vumbi la mbao limemkaa kwenye nyusi.

"Hodi hapa! Shikamoo babu," Asteria akasema.

"Marahaba, karibuni. Nyie ni wageni wa wapi?"

"Mimi Asteria Mkude, natoka Mahakama ya Chimbuko. Mwenzangu ni Resita Kihwele, wa Mafinga."

Mzee akaiweka randa chini, taratibu, akamtazama Resita kuanzia kilemba mpaka viatu.

"Mhehe?"

"Mhehe."

"Toka uani kwangu! Mmemaliza kuiba huko kwenu mmeshafika mpaka Madaba?"

Asteria alishtuka. Lakini uso wa Resita, uliokuwa umekauka njia nzima, ulifunguka wote.

"Niibe nini kwa Mngoni? Nyie mlikimbia kutoka Kusini huko mkaishiwa pumzi hapa, mkakaa chini mkasema ndiyo nchi yenu! Na huo ni mlango au ubao wa kukandia?"

"Ni mlango wa kukufungia wewe usinile!"

"Wewe una nyama gani? Nikikuchemsha nitapata supu ya misumari."

Wakashikana mikono, wakacheka mpaka mzee akakaa juu ya mlango wake. Watani wamekutana. Asteria, ambaye ni Mluguru na ana watani wake upande mwingine, alisimama na sikio mkononi. Kanuni ilimtaka alifungue kabla ya swali la kwanza. Hakulifungua. Alitaka kwanza kujua kicheko kile kinaficha nini.

"Babu," akauliza, "ile sheria ya kumbeba mjane mgongoni. Wanasema uliianzisha wewe."

Gama akafuta machozi ya kicheko, akaanza mengine.

"Sheria! Jamani, bado mnaiita sheria! Hata jaji anaisoma na joho lake?"

"Anaisoma."

"Nilikuwa kijana," mzee akasema. "Alikufa Mhehe mmoja kule Madibira, mtu wa watu, tukaenda sisi watani kumzika kama ilivyo kawaida. Tumefika, maiti iko ndani, na ndugu zake wawili wanapima madirisha. Na futi! Wameshika futi, huyu ncha hii, yule ncha ile, mjane amekaa pale chini kwenye mkeka anawaona. Mimi nikachukua kofia ya marehemu, nikavaa, nikapanda juu ya kinu, nikaanza kukohoa kama alivyokuwa anakohoa yeye. Nikasema: sikilizeni, nimerudi kuwakumbusha sheria ya nchi! Anayemtaka mke wangu atoke, ambebe mgongoni na masufuria yake mpaka jua linapozama, na akimweka chini namkoholea usiku kucha! Watu, acha! Waliokuwa wanalia wakacheka. Wote wakaitikia, ndiyooo, ndiyo sheria! Wale mabwana wakaficha futi kwenye koti. Sasa kulikuwa na vijana wawili wa serikali pale mlangoni na madude kama hilo lako, wameinamisha vichwa kwa heshima. Mimi nikajua wamekuja kuzika."

"Na sehemu nyingine ilifikaje?" Asteria akauliza, ingawa jibu alikuwa nalo.

"Ilikuwa nzuri, tukaichukua. Kila msiba wa Mhehe ukionekana na ndugu wa namna ile, mmoja wetu anavaa kofia."

Kuku walipita katikati yao. Kicheko cha Resita kilikuwa kimekwisha.

"Hicho kitu kimefungwa?" akauliza.

"Kimefungwa."

"Kiache hivyo hivyo. Sheria ikijulikana ni mzaha, nyumba sina. Tungeni kitu. Babu aseme ilitoka kwa chifu. Aseme chifu alitaka mtu abebe kwa mgongo wa nyama na mifupa, apate taabu, basi. Yamekwisha, tunakwenda nyumbani."

Gama akamtazama, safari hii bila utani usoni. "Mimi nadanganya msibani, dada yangu. Huko ndiyo kazi yangu. Hapa hajafa mtu."

"Mpaka nife?"

Mzee akaokota randa, akaigeuzageuza. "Basi, kwa ajili yako nitajifanya tupo msibani. Lakini huyu binti wa mahakama ndiye aseme."

Wote wawili wakamwangalia Asteria.

Asteria akatembea mpaka kwenye uzio, akarudi. Gama alikuwa mwongo hodari, Kumbu angemwamini. Angesikia sauti ya mzee, utulivu, pumzi, na angeipandisha sheria ngazi ya juu kabisa, na wajane wa nchi nzima wangelala vizuri. Ni nani angeumia? Adolfu, na wengine kama Adolfu. Lakini kila alipolifikisha wazo mwisho, lilimgeukia. Sheria ya nchi ingekuwa imetungwa leo, uani, na watu watatu, mmoja wao ndiye mwenye kesi. Na kama yeye anaweza, mchimbuzi mwingine naye anaweza, na huyo atakuja na babu aliyeandaliwa na Adolfu. Tena alikuwa na tamaa nyingine, aliyoona aibu kuitaja: alitaka kujua Kumbu atasemaje. Maisha yake yote alikuwa amefuata sheria mpaka kwa wafalme waliokufa, makarani, masheikh, wakoloni. Hajawahi kuifuata moja ikamfikisha kwenye kicheko.

"Nitamwambia ukweli," akasema. "Lakini nitamwuliza babu alikusudia nini. Alikusudia waone haya. Hiyo ni nia njema, dada. Kumbu anatazama nia. Naamini itasimama."

"Unaamini."

"Naamini."

"Wewe una nyumba?" Resita akauliza.

"Sina. Nalala kwenye magari ya mahakama."

"Nilijua," Resita akasema, akakaa juu ya kikapu chake.

Asteria akavuta kibanio.

*

Kumbu alikuwa na sauti ya mtangazaji wa zamani, mtulivu, asiye na haraka. Alimsalimu mzee kwa shikamoo, akamwuliza jina, ukoo na kazi. Gama akajibu, amekaa wima kama anayepigwa picha. Akasimulia habari ya Madibira, futi na kofia, bila kuacha kitu.

"Ulikusudia nini?" Kumbu akauliza.

"Waone haya."

"Ulitarajia mtu abebwe?"

"Hapana. Nani angembeba? Mama mwenyewe alikuwa mnene."

"Ulikuwa unatania?"

Mzee akamtazama Resita, naye Resita hakumsaidia.

"Nilikuwa natania," Gama akasema. "Lakini usiniandike hivyo tu..."

"Subiri," Kumbu akasema. Wakasubiri. Asteria hakuwahi kumsikia Kumbu akisubirisha watu. "Utani ni nini?"

Gama akakung'uta vumbi la mbao nyusini. Hakuwahi kuulizwa swali hilo na mtu mwenye akili timamu.

"Ni hivi. Msiba ukiingia kwa Mhehe, Mngoni anakwenda. Anakalia jeneza, anasema haliondoki mpaka apewe kuku. Anamwiga marehemu alivyokuwa anatembea. Anawatukana wafiwa. Nao hawaruhusiwi kukasirika. Akikasirika mmoja, anatozwa."

"Kwa nini?"

"Watu wamelia mno. Mtu apate kucheka kidogo. Halafu kuna mambo ndugu hawawezi kuambiana, sisi ndiyo tunayasema."

"Yanayosemwa ni ya kweli?"

"Ni ya uongo. Ila kila aliyekaa pale anajua yanamlenga nani."

"Hufanyika katika misiba yote?"

"Msiba usio na watani ni msiba gani?"

Asteria akainama kwenye sikio. "Kumbu, nia ilikuwa kumlinda mjane. Watu waliitikia. Walijua."

"Mchimbuzi haruhusiwi kutetea," Kumbu akasema, bila ukali. Kisha akauliza, na haikuwa wazi anamwuliza nani: "Ni mangapi nimeyasikia msibani?"

Sikio likajizima lenyewe.

Resita akasimama, akajipangusa vumbi la mbao kwenye gauni. Akamuaga mzee kwa mkono, akaenda kukaa garini, kiti cha nyuma. Njiani kurudi, gari lilipouliza kama abiria wanahitaji kusimama Njombe, ni Asteria aliyejibu hapana.

*

Kumbu alitumia masika yote kupima upya kila neno alilowahi kulisikia msibani. Sheria ya mgongo ndiyo iliyoanguka kwanza. Zilianguka nyingine nyingi baada yake, na watu walishangaa walivyoishi nazo: ile iliyokataza mkwe kula firigisi mbele za watu, ile iliyotaka kila mwenyekiti wa kijiji avuliwe kofia akisinzia. Ilianguka pia ile iliyowapa wenye mashamba makubwa kingo za mito. Kumbe ilisemwa kwa kejeli kwenye mazishi ya tajiri mmoja: *mpeni na mto aondoke nao.* Wakulima wadogo wa mabondeni walirudishiwa maji yao.

Bunge lililazimika kukaa na kutunga sheria kwa makusudi, kazi ambayo wabunge wengi walikuwa hawajawahi kuifanya. Ya kwanza waliyopitisha ina mstari mmoja: mjane hatolewi. Lakini sheria iliyotungwa haishiki yaliyokwisha tendeka kabla yake.

Adolfu Kihwele alikuwa ameshakwenda kwa Resita na karatasi na askari, akamtoa. Hakuhitaji kumbeba mtu. Alivuna misindano, akajenga duka la vifaa vya ujenzi Makambako, na duka linakwenda vizuri. Mama yake alipofariki, Wangoni hawakuja. Mazishi yalikuwa kimya, yakaisha mapema, na watu wakatawanyika bila kula.

Resita anaishi kwa binti yake Ludewa, analima viazi kwenye kipande cha kukodi. Asteria alimtembelea mara mbili. Mara ya kwanza mlango haukufunguliwa. Mara ya pili alipewa kiti na chai, mazungumzo hakupewa.

Fidelis Gama alikufa kwa mapafu. Wahehe walikuja wengi, Resita akiwamo, akakalia jeneza, akadai randa ya marehemu na akapewa. Masikio ya Kumbu hayaruhusiwi tena msibani, kwa hiyo aliyoyasema siku hiyo wanayajua waliokuwepo tu.

Jaji wa Iringa alistaafu. Kumbu bado anafanya kazi, ila sasa kila neno analoletewa anauliza kwanza kama kulikuwa na watani.

Asteria Mkude bado ni mchimbuzi. Mwezi huu yuko Kilosa, anamtafuta aliyesema wa kwanza kwamba mtoto wa nje ya ndoa harithi.